Chaja Nayo Ipimwe Kama Korosho

Mkulima wa korosho wa Newala hana mzaha na mizani. Afikapo kwenye ghala la chama cha msingi husimama karibu na mpimaji, hukodolea macho tarakimu, na gunia lake likionekana kupungua kilo moja tu ataomba lipimwe tena mbele ya mashahidi. Biashara ya kangomba, yaani ile ya kununua korosho kwa kopo nje ya mizani ya ushirika, imepigwa marufuku na kulaaniwa katika mikutano mingi, kwa sababu kopo halisemi kilo na hakuna awezaye kulihoji. Lakini mkulima huyo huyo, minada ikiisha na fedha zikiingia, hushuka Masasi kumnunulia mwanawe wa sekondari kompyuta mpakato iliyokwisha tumika, pamoja na chaja na habu ya USB, na hapo hununua kwa kangomba. Huuliza bei, huchagua rangi, huhesabu matundu. Hageuzi chaja kuyasoma maandishi madogo yaliyo mgongoni mwake.

Kosa hilo si la mkulima peke yake. Mwalimu wa fizikia, ambaye asubuhi amefundisha kidato cha tatu kanuni ya Ohm, jioni hununua chaja kwa namna hiyo hiyo. Volti, ampea na wati zimebaki kuwa mambo ya mtihani, ilhali vipo vitu vichache nyumbani ambavyo hueleza habari zake kwa lugha hiyo waziwazi kama chaja. Na hasara yake haiishii kwenye fedha. Kompyuta huharibika, kazi ya muhula mzima hupotea, na pengine mtu hupigwa na umeme.

Yafaa kuanza na habu, maana ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Habu ni kisanduku kidogo kinachochomekwa katika tundu moja la USB la kompyuta na kutoa matundu manne, saba au zaidi. Wengi hudhani kwamba kuongeza matundu ni kuongeza umeme. Wakazi wa uwanda wa Makonde wangepaswa kuwa watu wa mwisho kudhani hivyo, kwa sababu wameishi na jambo hilo hilo katika maji. Uwanda huo hauna mito. Udongo wake wa kichanga hunywa mvua na kuipeleka chini kabisa. Tangu mradi wa maji wa Makonde ulipojengwa katika miaka ya 1950, maji yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka visima vya mabondeni, kama vile vya Mitema, hadi matangi ya juu. Kila aliyepanga ndoo ajua kwamba kituo kikiongezewa koki tatu maji hayaongezeki. Foleni tu ndiyo inayogawanyika. Katika mfano huo volti ni ile kani ya msukumo inayotokana na urefu wa tangi, ampea ni wingi wa maji yapitayo kwa dakika, na wati ni zao la hivyo viwili: volti mara ampea.

Sasa na zitazamwe namba zenyewe. Mfumo wa USB, uliotolewa mwaka 1996, ulijengwa juu ya volti 5. Toleo la pili, la mwaka 2000, liliruhusu kifaa kimoja kuchukua ampea 0.5, ambazo ni wati 2.5. Toleo la tatu, la mwaka 2008, liliongeza hadi ampea 0.9, yaani wati 4.5. Habu isiyo na umeme wake yenyewe hugawa kiasi hicho hicho. Kwa kanuni za toleo la pili, habu ya namna hiyo hubakiza ampea 0.1 kwa matumizi yake na kuyapa matundu manne ampea 0.1 kila moja. Hapo hesabu imekwisha. Muuzaji anayetoa habu ya matundu saba au kumi bila chaja yake ameuza koki, hakuuza maji.

Je, habu hiyo haifai kitu? Inafaa sana kwa kibodi na kipanya, ambavyo huhitaji umeme mdogo mno, na mwenye haja hiyo tu asishawishiwe kununua ya bei kubwa. Haifai kwa diski ya nje yenye sahani inayozunguka, ambayo huhitaji umeme mwingi zaidi wakati inapoanza kuzunguka. Diski iliyonyimwa umeme hutoa mlio wa tik-tik, huonekana kwenye kioo kisha hutoweka, na ikitoweka katikati ya kuandika huweza kuharibu hati zilizomo. Mwalimu aliyehifadhi humo alama za mitihani ya kidato cha nne hulaumu virusi.

Jibu la vitabuni ni kwamba anunue habu yenye chaja yake. Ni jibu sahihi, lakini kwa Masasi na Newala lina kasoro ambayo vitabu vilivyoandikwa mahali ambapo umeme haukatiki havikuiwaza. Umeme ukikatika, kompyuta mpakato huendelea kwa betri yake kana kwamba hakuna kilichotokea, bali chaja ya habu huzimika papo hapo na diski iliyochomekwa humo hukosa umeme wakati ule ule inaponakili. Kwa hiyo mwenye kompyuta mpakato achomeke diski moja kwa moja katika tundu la kompyuta, kwani humo italindwa na betri, na vile vidogo ndivyo viwekwe kwenye habu. Habu yenye chaja yake ni ya kompyuta ya mezani iliyo na kisanduku cha betri za akiba, na hapo chaja ya habu nayo ichomekwe katika kisanduku hicho, si ukutani. Jambo hili dogo husahauliwa hata katika vyumba vya kompyuta vilivyogharimu fedha nyingi.

Baada ya habu ni chaja yenyewe. Mgongoni mwake pana mistari miwili yenye maana. Wa kwanza hueleza umeme unaoingia, na katika chaja nyingi za siku hizi huandikwa volti 100 hadi 240. Maana yake ni kwamba umeme wa ukutani, ambao nchini Tanzania ni volti 230, waweza kushuka sana na chaja ikaendelea kutoa kile kile, kwa kuvuta ampea zaidi ukutani kufidia volti zilizopungua. Kwa miaka mingi mikoa ya Mtwara na Lindi ilitegemea umeme wa gesi ya Mnazi Bay uliozalishwa Mtwara mjini, nje ya gridi ya Taifa. Na popote nyumba iliyo mwishoni mwa njia ndefu ya nyaya huziona taa zake zikififia jioni. Ndiyo sababu wengi hununua stabilaiza. Kwa jokofu ni busara. Kwa kompyuta mpakato yenye chaja ya volti 100 hadi 240 ni kutupa fedha, na fedha hizo zingetosha kubadili chaja mbovu kwa nzuri.

Mstari wa pili hueleza umeme unaotoka, na hapa ndipo wanunuzi wa kompyuta zilizotumika hupotea. Kompyuta hizo mara nyingi huja bila chaja zake za asili. Iliyoandikwa volti 19 na ampea 3.42 huhitaji wati 65. Mnunuzi hupewa chaja ambayo ncha yake inaingia, akaridhika kwa kuwa inaingia. Kanuni ni fupi: volti zilingane na zile zilizoandikwa chini ya kompyuta, ampea zilingane au zizidi, na alama ya chanya na hasi ya ncha iwe ile ile. Ampea zikizidi hakuna ubaya, maana kompyuta huchukua inazohitaji tu. Zikipungua chaja huchemka. Volti zikizidi kompyuta huungua. Kwa sababu hiyo zile chaja zenye ncha nyingi za kubadilisha na kitufe cha kuchagua volti, kuanzia 12 hadi 24, hazistahili kuingia katika nyumba yenye watoto. Kidole kimoja kikisogeza kitufe kutoka 19 kwenda 24, kompyuta yaweza kufa kabla ya mtu kugundua.

Mfumo mpya wa USB wenye tundu dogo la mviringo bapa, liitwalo aina C na lililotoka mwaka 2014, umeondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Chaja zake zenye mapatano ya umeme huanza na volti 5 tu, kisha huulizana na kompyuta kabla ya kupandisha hadi 9, 15 au 20. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2022 iliyoagiza simu mpya zitumie tundu hilo kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na kompyuta mpakato kuanzia tarehe 28 Aprili 2026. Watu wa Masasi wana sababu ya kuifuatilia sheria hiyo ingawa hawakuipigia kura. Kompyuta zenye ncha za kale zinazoachwa huko ni mzigo unaoweza kuletwa Afrika kama mitumba, na kila moja itadai chaja ambayo haitengenezwi tena. Mwenye uwezo wa kuchagua kati ya kompyuta mbili zilizotumika, ya ncha ya mviringo na ya aina C, achague ya pili hata kama ni kuukuu kidogo. Lakini akumbuke kwamba chaja ya aina C iliyoandikwa wati 65 na yenye matundu matatu haitoi wati 65 kwa kila tundu. Simu ikichomekwa pembeni, kompyuta hupunguziwa. Ni koki zile zile.

Waya nao una neno lake, na mwanafunzi aweza kulipata kwa hesabu. Waya wa USB wa mita 1 wenye shaba ya milimita ya mraba 0.08 huwa na ukinzani wa karibu omu 0.43, kwenda na kurudi. Ampea 2 zikipita humo, volti 0.86 hupotea njiani kama joto, na katika volti 5 hubaki 4.14. Shaba ikiwa milimita ya mraba 0.2, hupotea volti 0.34 tu. Gamba la nje laweza kuwa nene sawasawa, maana plastiki ni rahisi na shaba ni ghali. Simu inayochukua usiku kucha kujaa mara nyingi haina ugonjwa wowote ila waya.

Hayo yote ni ya fedha na vyombo. Lililo zito zaidi haliandikwi kwa namba. Ndani ya kila chaja mna pande mbili: upande wa ukutani, wenye volti 230 ambazo kileleni hufikia karibu 325, na upande wa mtumiaji wenye volti chache. Pande hizo hazigusani. Nishati huvuka kwa njia ya sumaku katika transfoma ndogo. Kinachozitenga ni utando wa kihami ndani ya transfoma na nafasi tupu juu ya bamba la saketi, nafasi ambayo katika chaja iliyotengenezwa kwa haki ni milimita kadhaa. Katika chaja bandia imepata kuonekana nafasi iliyo chini ya milimita 1. Mwaka 2016 maabara ya UL ya Marekani ilipima chaja bandia 400 zilizoigiza zile za kampuni ya Apple, zilizonunuliwa katika nchi mbalimbali. Tatu tu ndizo zilizokuwa na uhami wa kutosha kumkinga mtumiaji.

Msomaji wa Newala atasema kwamba upo waya wa ardhini, ule ambao mafundi huuita athi. Hapo ndipo udongo wa uwanda wa Makonde unapoingia katika hoja. Fimbo ya athi hufanya kazi kwa kadiri udongo unavyopitisha umeme, na udongo hupitisha umeme kwa unyevu wake. Fimbo ya mita 1.5 katika mfinyanzi wenye maji yaweza kuwa na ukinzani wa omu 30 hivi. Fimbo iyo hiyo katika mchanga mkavu yaweza kufika omu 600. Gawanya volti 230 kwa 600: ni ampea 0.38. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13. Haitakatika kamwe, na kile kilichopata hitilafu kitaendelea kukaa na umeme kikimngoja mtu. Tena chaja nyingi ndogo hazitumii athi kabisa. Pini yake ya juu ni plastiki ya kufungulia soketi tu. Hizo hutegemea uhami wa mara mbili, na alama yake ni mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Mwezi wa Septemba, ardhi ikiwa imekauka, ukuta wa pekee kati ya volti 230 na mkono wa mwanafunzi ni zile milimita chache ambazo mtengenezaji bandia amezifanyia ubahili.

Pasiwe na hofu isiyo na msingi, hata hivyo. Mtu anayegusa kompyuta yenye gamba la chuma inapochajiwa, akahisi mwasho mdogo kama wa upupu, aghalabu huhisi mkondo mdogo mno upitao katika kapasita iliyowekwa makusudi ili kuzuia chaja isivuruge redio. Katika chaja halali mkondo huo hudhibitiwa usifikie kiasi cha kudhuru. Mwasho ukiwa mkali, au ukianza ghafla katika chaja iliyokuwa haina, ichomolewe na isirudishwe ukutani. Nyumba yenye uwezo na iweke swichi ya kukata umeme unaovuja, ile ya ampea 0.03, ambayo hufanya kazi hata pale ambapo athi ni dhaifu. Na mvua za Novemba zianzapo na radi zake, hakuna kinga iuzwayo dukani inayoshinda kuchomoa plagi kabla wingu halijafika.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya wenye nacho. Chaja halali ni ghali. Mzazi aliyekwisha kamua akiba yake kununua kompyuta hawezi kuambiwa arudi mnadani. Hoja hiyo ina uzito, na haijibiwi kwa kumwambia maskini asinunue bandia. Serikali inayo Shirika la Viwango, lililoundwa mwaka 1975, na Tume ya Ushindani inayopambana na bidhaa bandia, lakini hakuna chombo cha Taifa kiwezacho kusimama katika kila meza ya chaja katika soko la Masasi. Alama za ubora nazo huchapwa na mwigaji kwa wino ule ule wa jina la kampuni. Nchi hii iliwahi, mwaka 1974, kuzuia uingizaji wa kompyuta. Siku hizi zinaingia kwa mafurushi, na mlango wa forodha peke yake hauwezi kuwa mizani.

Mizani iliyo karibu ni maabara ya fizikia ya shule ya sekondari. Jaribio lenyewe halihitaji mashine kubwa. Rezista moja ya omu 5, ya wati 10, ikiunganishwa na chaja ya volti 5 yenye tundu la mstatili la kale, huvuta ampea 1. Mbili zikiunganishwa sambamba huvuta ampea 2. Voltimita iwekwe kwenye mdomo wa chaja yenyewe, si mwisho wa waya mwembamba, kwa sababu iliyokwisha elezwa. Chaja iliyoandikwa ampea 2 ikishuka chini ya volti 4.75 katika mzigo huo, maandishi yake ni ya uongo. Iachwe hivyo kwa saa moja mbele ya mwalimu, juu ya kigae, kisha itazamwe kama inanuka au imechemka kiasi cha kutogusika. Rezista nazo zitakuwa za moto, na wanafunzi waonywe.

Uhami haupimwi kwa njia hiyo, na shule isijidai kwamba inaupima. Lakini kwa kila aina ya chaja inayouzwa kwa wingi mjini, moja inaweza kutolewa mhanga. Mwalimu aiache siku nzima bila kuchomekwa, maana kapasita yake hushika umeme, kisha aipasue na kuwaonyesha wanafunzi mstari ule unaotenga pande mbili, rula ya milimita ikiwa juu yake. Darasa litakaloiona nafasi isiyofika hata unene wa kucha halitahitaji kuhutubiwa.

Matokeo yaandikwe kwenye ubao nje ya maabara: umbo na maandishi ya chaja, ampea zilizoandikwa, volti zilizoonekana chini ya mzigo, na nafasi ya uhami kwa zilizopasuliwa. Shule isitaje duka, maana duka moja huuza nzuri na mbaya kwa pamoja, na aghalabu mwenye duka mwenyewe hajui. Wazazi wajao siku ya mkutano wasome, na wenye chaja mifukoni wazilete zipimwe. Vifaa vyote ni voltimita, rezista nne, waya mnene, kigae na rula, na maabara nyingi za sekondari zinavyo karibu vyote. Wakati mzuri wa kuanza ni kabla ya Oktoba, kwa sababu ndipo minada hufunguliwa na fedha za korosho huanza kushuka kuelekea madukani.